Soketi Iliyofichwa kwenye Pikapu ya Shivachi

Nyinyi vijana wa siku hizi mna bahati kweli. Mimi kazi ya waya za magari nilifunzwa kwa kugongwa vidole na koleo. Nyinyi mnajifunza mkiwa mmelala chali, simu kifuani, mzungu fulani kwenye video anawaonyesha namna ya kufunga inveta, kile kisanduku cha kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumbani, kwenye pikapu mpya, safi, ambayo haijawahi kubeba ng'ombe tangu izaliwe. Video ikiisha mnaamka mkiwa mafundi. Hongereni sana. Kesho yake ubao uko kando ya barabara, "Bingwa wa Stima za Magari", rangi haijakauka, na tayari kuna mtu amekuachia funguo zake.

Kwa wasionijua, mimi ndiye Mama Waya. Jina la ubatizo ni Consolata, lakini ukiulizia Consolata hapa Amalemba utapelekwa kwa mwalimu wa Sunday school, mwanamke mpole na mwenye adabu, ambaye bila shaka si mimi. Nimefunga waya za magari hapa Kakamega tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa kabisa kuingia chini ya dashibodi. Sasa nimestaafu. Kustaafu maana yake ni kwamba nafanya kazi ileile, ila naifanya kwa mdomo, nikiwa nimekaa.

Na mdomo ninao, asante Mungu. Aliyenifunza kazi, Mzee Pius, alikuwa fundi wa stima kiwandani kabla ya kufungua kibanda chake karibu na soko, na alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mimi nilizungumza kwa niaba yetu sote wawili. Siku moja nilikuwa namwita mteja aliyeko ng'ambo ya barabara, Mzee Pius akaweka chini bisibisi, akajipangusa masikio, akasema, "Consolata, wewe tukikufunga kwenye lori, honi ya nini tena?" Wateja wakacheka mpaka wakasahau kwamba gari zao hazijaisha. Nilimnunia siku nzima. Hakugundua, maana kwake kimya changu kilikuwa sikukuu.

Huyo mzee alinifunza vitu ambavyo kwenye video zenu vinarukwa kwa sababu havipendezi kutazama. Kwa mfano fyuzi. Waya mnene unatoka kwenye betri mbele, unapita chini ya gari, unapanda mpaka kwenye inveta nyuma. Fyuzi inakaa wapi? Nyinyi mnaiweka kule nyuma karibu na inveta, pazuri, ionekane. Sasa waya ukisuguana na chuma katikati ya safari, ukagusa bodi, fyuzi yako iko kule mwisho inapiga usingizi, na moto unaanzia chini ya kiti cha dereva. Fyuzi inakaa karibu na betri, karibu kabisa, hata kama boneti imejaa na vidole vyako ni vinene. Mzee Pius akikuta umeiweka mbali hakusema neno, ila koleo lake lilisema.

Tena alinifunza kwamba mteja akikuambia anataka stima ya "kitu kidogo tu", usimwamini hata kama ni mchungaji. Mwambie akilete hicho kitu. Kigeuze, usome wati zilizoandikwa nyuma yake. Kuna mwalimu mmoja wa kwaya alikuja kwangu na gari lake, akataka inveta ndogo ya kinanda tu, kinanda peke yake, alikula kiapo. Nikafunga ya kinanda. Wiki haijaisha anarudi, moshi umeacha alama kwenye dari ya gari. Khane, yaani kumbe, wanakwaya wake walikuwa wamechomeka birika la stima, eti sauti za kwaya zilikuwa baridi, zilihitaji chai. Akanilaumu kwamba nimemuuzia inveta feki. Nikamwambia, ni kweli mwalimu, inveta ya maana ingejua yenyewe kwamba hii chai ni ya watu wa Mungu.

Lakini leo nataka niwaambie habari ya kuficha. Maana naona sasa kila mtu anataka inveta ya kufichwa, soketi ya kufichwa, swichi ya kufichwa, na nyinyi mnadhani ni kwa sababu ya wezi. Wezi ni wachache. Hapa kwetu soketi ya gari inafichwa kwa sababu ya jamaa.

Kama umezaliwa huku huhitaji kuelezwa. Gari likifika kwenye matanga na ijulikane lina stima, limekwisha. Simu za ukoo mzima zinaletwa. Anakuja binamu na taa ya kuchaji, anakuja shangazi na redio, anakuja mtu usiyemjua na waya wa ekstensheni wa kutosha kufika kwao. Na kukataa huwezi, kwa sababu ni matanga, utaonekana huna huruma na marehemu. Jioni wafiwa wanakusukumia gari barabarani huku wakiimba pambio, betri imekufa na yenyewe.

Kwa hiyo Shivachi alipokuja nilimwelewa kabla hajamaliza salamu.

Shivachi ni mchuuzi wa ng'ombe pale Lubao, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Ana pikapu nyeupe ya milango minne, ile aina ambayo haifi, inazeeka tu na kunuka mifugo. Siku hiyo hakuja na utani wake wa kawaida. Alikuja na mama yake ameketi kiti cha nyuma, Mama Rasoa, bibi mwembamba aliyefunga kitambaa kikubwa kichwani na kukishusha mpaka kikafunika pua. Chini ya kitambaa palitokea mpira mwembamba unaoshuka mpaka kwenye mashine sakafuni. Ilikuwa mashine ya oksijeni, ile inayotumia stima, inavuta hewa na kuisafisha na kumpelekea mgonjwa. Mapafu ya Mama Rasoa yalikuwa yamechoka kitambo. Nyumbani mashine hiyo haizimwi.

"Mama Waya," Shivachi akasema, "mjomba amefariki. Ndugu ya mama, wa pekee aliyekuwa amebaki. Tunamzika Jumamosi, huko mbele ya Malava."

"Poleni sana. Na mama anaenda?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi nimeshindwa."

Sikuhitaji kuuliza. "Mukhana," bibi akaniita, yaani msichana, na mimi wakati huo nina wajukuu, "mimi ndugu yangu hatazikwa nikiwa kitandani nasikiliza habari kwa simu. Nitaenda na hiki kidubwasha au bila hiki kidubwasha. Wewe na huyu mnene amueni."

Shivachi alikuwa ameshajaribu. Alimpelekea gari kijana mmoja mwenye ubao mkubwa, simtaji jina, nitamwita Bingwa kwa heshima ya ubao wake. Bingwa akafunga inveta, akaificha vizuri mno. Aliivingirisha kwa kapeti, akaisukuma chini ya kiti cha nyuma, akapiga gundi juu ili isionekane kamwe. Stima yake akaitoa wapi? Kwenye ule waya mwembamba wa kuwashia sigara. Wakaenda nayo kliniki mara moja kujaribu. Nusu ya safari inveta ikapata joto, ikajizima, na kwa sababu imefichwa vizuri mno hakuna aliyeweza kuifikia. Walifika kliniki midomo ya mama imekuwa ya samawati na Shivachi analia huku anaendesha.

Nilipovuta ile kapeti harufu ya plastiki iliyoungua ilinipanda mpaka kwenye ubongo. Nilitukana. Mama Rasoa alifurahi sana, akasema hajasikia matusi ya namna hiyo tangu ndugu yake alipokuwa hai.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ilipo. Inveta ni kitu kinachopumua. Ina feni, inavuta hewa, inatoa joto. Ukiifunga kwenye blanketi inakufa, kama ambavyo wewe ungekufa. Kwa hiyo unaificha kwa macho ya watu, lakini huifichi kwa hewa. Ya Shivachi niliisimamisha wima nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma, juu ya vipande vinne vya mpira wa tairi ili mtikiso wa barabara ya Malava usiilegeze, na feni nikaielekeza pembeni palipo na nafasi. Ukivuta kiti unaiona. Usipovuta, unaona kiti.

Nikaongeza betri ya pili, ya mashine peke yake, ili ile ya kuwashia gari isiguswe na mtu. Nikapitisha waya mnene, na kila tundu waya unapopita kwenye chuma nikavalisha kipete cha mpira. Athi, pale waya wa kurudisha stima unapofungwa kwenye bodi ya gari, nikaikwangulia rangi mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu athi iliyofungwa juu ya rangi ni mapambo tu. Soketi nikaiweka ndani ya kile kisanduku cha kuegemea mkono katikati ya kiti, chini ya kifuniko, na swichi chini ya usukani mahali ambapo ni goti la Shivachi tu linafika. Fyuzi nikaiweka karibu na betri.

Bingwa mwenyewe alipita akasimama kutazama, mikono mfukoni.

"Mathe, kwa video hawawekangi fyuzi hapo."

"Kwa video gari ni la nani?"

"La huyo mzungu."

"Basi likiungua mpigie umwambie pole."

Kisha alitoa mikono mfukoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kushika huo waya aone unene wake. Nikamwachia ashike. Mimi si mbaya hivyo.

Nilipomaliza niliwasha mashine na kuiacha ifanye kazi mchana kutwa huku gari limezimwa, na mara kwa mara nikaingiza mkono nyuma ya kiti kugusa waya. Waya ukiwa na joto umefunga mwembamba. Ulikuwa baridi. Mama Rasoa alikaa humo muda wote akila ndizi na kutoa maagizo.

"Mukhana, hiyo stima mtu asiione. Nawajua watu wa kwetu, wako na simu kuliko ng'ombe. Na hii mashine uifunike. Sitaki waache kumlilia ndugu yangu waanze kunililia mimi, na bado niko hapa."

"Haitaonekana, mama."

"Na wewe utakuja. Hiki kitu kikizima, huyu kijana wangu anajua kulia tu."

Ndivyo nilivyojikuta Jumamosi kwenye matanga ya mtu nisiyemjua, nimekaa kiti cha mbele cha pikapu inayonuka ng'ombe, nimevaa gauni la kanisani na bisibisi kwenye mkoba.

Tuliegesha kando ya hema, mlango wa nyuma wazi, mama akaona jeneza vizuri. Mashine ilinguruma polepole chini ya leso. Watu walikuja kumsalimu, wakaona bibi aliyefunika pua, wakadhani ni majonzi. Maombi yalipoanza tuliambiwa tuzime gari, tukazima, betri ya pili ikabeba kazi bila kulalamika. Nilijisikia fundi. Ningejua, nisingejisikia mapema.

Ratiba ilisema kila msemaji apewe dakika mbili. Mnajua dakika mbili za matanga ya kwetu. Msemaji wa kwanza alizitumia zote kuwatambua waliohudhuria, kisha akasema, "Kabla sijaanza." Wakaja wakwe, wakaja majirani, akaja mtu aliyewahi kuchimba kisima na marehemu na akatueleza kisima hicho kuanzia juu mpaka chini. Kila mmoja alisema marehemu alikuwa mtu mpole asiyewahi kugombana na yeyote. Kila waliposema hivyo Mama Rasoa alitoa mguno ndani ya kitambaa.

Kisha akaja msichana mmoja, mjukuu wa marehemu, akachungulia ndani. "Kukhu," akamwita, yaani bibi, "ni nini hiyo inanguruma?"

Nikafungua mdomo niseme ni friji, ni injini, ni chochote.

"Ni stima," akasema Mama Rasoa. "Niko na stima humu ndani. Huyu mukhana ndiye amenifungia. Fungua hapo uone."

Woi! Yule yule bibi! Nikamgeukia. "Mama, si ulisema mtu asijue?"

"Huyu ni mtoto wa kwetu. Simu yake imezima."

Nikawaacha. Nilipogeuka tena kulikuwa na simu mapajani mwake zote zimechomekwa kwenye ekstensheni ambayo sijui ilitoka wapi, na foleni imejipanga mlangoni kama ya kupiga kura. Bibi anazipokea moja moja, anauliza, "Wewe ni wa nani?" Akijibiwa anasema, "Aa, baba yako nilimbeba mgongoni, lete."

"Na huyu, mama? Huyu naye ni wa nani?"

"Huyu simjui. Lakini amesalimia vizuri."

Sitadanganya, simu hazikunitisha. Simu hula stima kidogo sana, hata zikiwa nyingi. Kilichonitisha ni kwamba sasa matanga yote yalijua. Na kweli, haukupita muda, jenereta ya wenye vipaza sauti, iliyokuwa imewekwa nyuma ya migomba, ikakohoa mara mbili na kunyamaza. Petroli ilikuwa imeisha, na aliyetumwa kuongeza alikuwa bado anatafuta bodaboda. Hema lote likageuka. Hawakuitazama jenereta, waliitazama pikapu yetu.

Mshereheshaji akaja anakimbia na waya mkononi. "Mama, tumeambiwa hapa kuna stima. Tusaidie tu kidogo, ni amplifaya na spika mbili tu. Kitu kidogo."

Kitu kidogo! Nikamwambia ailete hiyo amplifaya. Nikaigeuza, nikasoma nyuma, nikamrudishia. "Hii peke yake inveta itaibeba. Hii pamoja na mashine ya huyu mama, inveta itajizima na vyote viwili vitakufa. Tafuteni petroli."

"Lakini sasa ni zamu ya familia kuongea. Na msemaji wa kwanza wa familia..." Akatazama karatasi yake, kisha akatazama ndani ya gari. "Ni dada ya marehemu."

Nikasikia leso ikisogezwa nyuma yangu.

"Chomoa yangu," akasema Mama Rasoa.

Shivachi alikuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Mama, daktari alisema unaweza kukaa bila mashine dakika chache ukiwa umetulia. Akasema kuongea usijaribu kabisa."

"Daktari hakuzaliwa na huyu aliyelala pale."

"Mama, tafadhali. Subiri petroli."

"Wachungaji wana haraka, mvua inakuja, wataniruka waende kaburini. Nisipomuaga leo nitamuaga lini? Nikikosa kuongea, hiyo ndiyo itaniua, si hewa." Kisha akanigeukia mimi. "Mukhana, ni wewe uliifunga. Chomoa."

Shivachi akanitazama. Niseme nini? Ningekataa, na ningekuwa na haki. Lakini nilimwona yule bibi jinsi alivyokuwa akilitazama jeneza, na sikuweza. Nilimwambia, "Sikiliza mama. Mkono wangu utakuwa kwenye plagi. Hewa ikipungua, inua mkono wako wa kushoto. Umesikia? Wa kushoto." Akaitikia kwa kichwa kama mtoto mtiifu. Nikatoa zile simu, nikachomoa mashine, nikachomeka amplifaya. Mngurumo ukanyamaza. Mikrofoni ikapitishwa mlangoni, na hema lote likatulia, kwa sababu hata wale waliokaa kule migombani waliweza kusikia pumzi yake.

"Wamesema alikuwa mpole," akaanza. "Hakuwa mpole. Alikuwa mkali, na alikuwa mchoyo wa kuku wake. Mimi dada yake ingokho ya mkono wake niliila mara moja, siku ya harusi yangu, na aliihesabu mifupa."

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha matanga ambacho kina machozi ndani. Shivachi mwenyewe alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama mkono wa kushoto.

"Lakini niwaambie. Nikiwa mtoto kifua kilinibana. Nilibanwa kwelikweli, nikashindwa hata kulia. Baba alikuwa safarini. Huyu alikuwa kijana tu. Akanibeba mgongoni... kutoka hapa... mpaka hospitali ya misheni, kwa miguu. Mvua inanyesha. Nikamwambia, ndugu yangu, utachoka, niweke chini. Akanijibu..." Akavuta pumzi, na vipaza sauti vikaipeleka pumzi hiyo mpaka ng'ambo ya boma. "Akanijibu, wewe pumua tu. Kutembea niachie mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Akaendelea, "Sasa mimi leo... nimekuja..." na maneno yakaanza kuja moja moja. Mkono wa kushoto uliinuka? Wapi! Alikuwa ameukalia. Bibi mjanja yule alikuwa ameukalia mkono wake makusudi ili usije ukainuka wenyewe. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa kwenye mikrofoni, na kucha zake zilikuwa zinageuka rangi mbele ya macho yangu.

Nikachomoa amplifaya.

Sauti ikakatika katikati ya neno. Nikachomeka mashine, nikarudisha mpira puani, nikamshika bega. Kule nje watu wakapiga kelele, "Stima! Stima imepotea!" Mshereheshaji akanipigia kelele, mchungaji akasimama, mzee mmoja akaniita mchawi. Mama Rasoa hakuweza kupiga kelele, lakini alinipiga. Kofi halikuwa na nguvu hata ya kuua mbu, na nalisikia mpaka leo.

"Umenikata," akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Umenikata... nikifika... kwenye maneno yenyewe."

Nilikuwa nimefunga betri ya pili, waya mnene, fyuzi mahali pake, athi safi, kila kitu sawa, na bado yule mama alikuwa analia kwa sababu yangu. Sijui neno lile lilinitokaje.

"Mama," nikamwambia, "wewe pumua tu. Kuongea niachie mimi."

Akanitazama. Kisha akanivuta kwa gauni mpaka sikio langu likafika mdomoni mwake. Alinong'ona, akapumua, akanong'ona tena. Nikapanda kwenye ngazi ya mlango wa pikapu, nikashika paa, na nikafungua mdomo huu ambao nimegombezwa nao nyumbani, shuleni, kanisani na kibandani.

"Dada ya marehemu anasema!" Kuku walikimbia. "Anasema, siku ile hukuniweka chini! Anasema, wamekuita mpole kwa sababu hawakujui, mimi nakujua! Anasema, ndugu yangu, leo nimeletwa na gari mpaka hapa ili nikurudishie maneno yako! Sasa tembea! Mimi bado napumua!"

Nilishuka. Wanawake wa mbele walikuwa wameanza kulia kwa sauti, kilio chenyewe sasa, si kile cha ratiba. Shivachi alikuwa ameegemea gurudumu, mabega yanatikisika. Na muda wote ule nilipokuwa nahangaika na wati na waya, hakuna mmoja kati yetu wenye akili nyingi aliyekumbuka kwamba palikuwa na honi mle garini. Mzee Pius angecheka mpaka akae chini.

Nikamgeukia mama. Mashine ilikuwa inanguruma chini ya leso. Kucha zake zilikuwa zimeanza kurudi rangi.

"Nimesema sawa?"

Akafikiri kidogo. "Wale wa migombani hawajasikia," akanong'ona. "Rudia."

Nikarudia.

Nilipomaliza mara ya pili mtu akanigusa bega. Alikuwa kinyozi aliyeitwa kuja kuwanyoa wafiwa siku zitakazofuata, ameshika mashine yake ya kunyolea, waya umening'inia. Akaniuliza kwa adabu sana, kofia mkononi, kama ile soketi sasa iko wazi, achaji kidogo tu.

Nilimtazama Mama Rasoa, amefumba macho, kifua kinapanda na kushuka. Nikafunika kile kisanduku cha kiti kwa mkono wangu.

"Haiko wazi," nikamwambia. "Inatumika."